Pipa la Shemeji

Juni 2

Baridi imeingia leo. Nimeijua kabla sijatoka kitandani, kwa magoti. Nilipofika kazini nilimkuta Sista Mkuu ameshagombana na watu wa stoo kuhusu mablanketi, maana anajua kama ninavyojua mimi kwamba baridi ikianza, wodi ya walioungua hujaa. Watu huingiza majiko ndani, hubandika maji ya kuoga asubuhi na jioni, watoto hukaa karibu na moto kuliko inavyopasa. Kila mwaka tunasema safari hii watu watakuwa wamejifunza.

Daktari wetu, kijana mwenye miguu mirefu, anasema anayefanya kazi wodi hii bila kuwa na pa kutolea ya moyoni atapasuka. Yeye anakimbia mbio kila alfajiri. Magoti yangu hayataki habari hizo, basi nimenunua daftari.

Juni 4

Wamepokelewa watatu waliomwagikiwa. Uji, chai, uji.

Juni 9

Kitanda cha dirishani amelazwa mama mmoja, fundi cherehani. Ameungua mikono, kifua na uso, nyusi hana tena. Jiko la mafuta ya taa.

"Sista, lile jiko tunajuana," aliniambia. "Nimelipikia miaka. Leo nimelitia mafuta, nimewasha njiti tu, likanirukia kama paka."

Mafuta ya taa hayaruki. Huwaka taratibu kwenye utambi, na yakikuunguza yanakuunguza pale yalipomwagika. Daktari aliangalia jinsi moto ulivyompiga kote mara moja, akamuuliza aliyanunua wapi. Akasema kwa wale wauza madumu pale kituo cha mabasi. Daktari akatikisa kichwa. Ni wa tatu sasa kutoka kwenye madumu yale. Yamechanganywa na petroli.

Mimi nina sheria moja wakati wa kuosha vidonda: mgonjwa ananitukana apendavyo. Anayetukana anapumua, anayebana meno huzimia. Nimeshaitwa mbuzi, fisi na mkwe mbaya. Huyu fundi, maskini, amelelewa vizuri mno, hana matusi. Nilipoanza kubandua shashi ya vidonda alihangaika kutafuta neno, mwisho akapiga kelele, "Pindo bovu wewe!" Kisha, "Mfuko ulioshonwa upande!" Tulicheka hadi Sista Mkuu akaja kuuliza kuna nini.

Juni 10

Manyunyu kutwa nzima. Umeme ulikatika mara mbili.

Juni 15

Jumapili. Nimeshinda kwa mdogo wangu. Huyu nimemlea mwenyewe tangu mama alipotuacha. Nimemsuka, nimemsomesha, na siku ya harusi yake nilisimama kutwa katika viatu vilivyonibana nikiwa natabasamu kama niliyelipwa. Sasa ana watoto wawili na mume mwenye duka. Duka liko mbele, kando ya tangi la maji la mtaa, wao wanaishi nyuma. Mchele, sabuni, vocha, na pipa la bluu la mafuta ya taa lenye bomba lake, hapo mlangoni.

"Dada mkubwa!" shemeji alinipokea. "Umetuletea bandeji au umetuletea njaa?"

"Njaa. Bandeji utanunua mwenyewe."

Nampenda huyu kijana. Wanaume wengi huoa mke wakasahau kwamba alitoka kwa watu, lakini yeye hunipigia simu hata mdogo wangu asipokumbuka. Leo kanipa blanketi zito, eti wodini nawafunika wengine nikirudi nyumbani nalala kama kuku aliyenyeshewa. Nilipomsimulia habari za madumu ya kituoni alisikitika sana. Akasema watu wa namna ile wafungwe.

Juni 18

Mtoto mmoja, uji tena. Kaka yake amekaa nje ya mlango kutwa akilia kwamba ni yeye aliyemsukuma. Nilitoka kumwambia kwamba mdogo wake amekula. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha sahani.

Juni 23

Fundi cherehani ameruhusiwa. Vidole vinakunja, ndicho alichokuwa anakiogopa. Binti yake, mwanafunzi mrefu mwenye kicheko cha ghafla, ndiye aliyekuja kumchukua. Amekuwa akija kila baada ya masomo kumlisha mama yake, naye ndiye aliyetuambia kwamba mama akiwa nyumbani hupiga kelele kwa cherehani kama mtu anayegombana na jirani.

Kila anayetoka ninampa darasa langu pale mlangoni. Usitie mafuta jiko likiwa linawaka. Jiko lisikae njiani mwa watoto. Ukiungua, maji baridi, si dawa ya meno, si unga, si mafuta ya kupikia. Na usinunue mafuta kwenye madumu ya barabarani.

"Sasa ninunue wapi, Sista?" fundi akaniuliza. "Sisi wa bondeni hatuna kituo cha mafuta karibu."

Nikamwelekeza kwa shemeji. Duka la kando ya tangi la maji, nikamwambia, sema nimekutuma mimi. Binti akasema analijua, ni karibu na shule. Siku hizi nawaelekeza wote hivyo. Mwezi huu pekee nimemjazia shemeji wateja kuliko tangazo la redio.

Juni 24

Hakuna jipya. Magoti.

Juni 29

Shemeji amepiga simu. "Dada mkubwa, watu wako wanamiminika! Nitakuajiri." Nyuma yake nilisikia foleni ikinung'unika na mdogo wangu akicheka.

Julai 3

Tumempokea msusi. Uso, kifua, mikono. Jiko limemrukia. Hali yake haimruhusu kusema na hatukumsumbua kwa maswali. Daktari amesema, "Madumu tena." Nami nikaitikia, "Madumu tena."

Julai 5

Wawili, mke na mume, taa iliwalipukia wakati umeme umekatika. Mume anasema aliyenunua mafuta ni mke. Mke yuko kwenye mashine ya kupumulia.

Julai 7

Msusi amefariki asubuhi. Hatukupata kumuuliza.

Julai 8

Baridi imezidi. Sista Mkuu ameacha kugombana na stoo, anakwenda kuchukua mwenyewe.

Julai 10

Sijui nianzie wapi.

Mchana nilikuwa nakunja shashi, nikasikia magurudumu ya kitanda yakija mbio na sauti ya mwanamke niliyoijua. Nilidhani ni fundi cherehani ameungua tena, nikatoka na gombezo tayari mdomoni. Fundi alikuwa mzima. Alikuwa anakimbia kando ya kitanda ameshika viatu vya shule mkononi.

Aliyelala ni binti.

Alirudi kutoka shuleni na njaa, akalitia jiko mafuta, akawasha njiti. Sare ilikuwa ya kitambaa kile kinachoyeyuka. Sitaandika zaidi ya hapo. Tulifanya kazi, mimi na daktari na Sista Mkuu, bila mtu kusema neno lisilohusu mirija na maji. Ameungua zaidi ya nusu ya mwili.

Baadaye nilimkuta fundi kwenye benchi la ukumbini. Nilikaa. Nilitaka kumshika mkono, nikaona makovu mapya ya vidole vyake, yale niliyoyaosha mimi, nikaogopa kumuumiza.

Nikasema, na hasira ilikuwa imenijaa, "Mama, si nilikwambia usiende kwenye madumu?"

Aliniangalia kama mtu asiyeelewa lugha. Hakukuwa na lawama usoni mwake, na afadhali ingekuwepo.

"Sikwenda kwenye madumu, Sista. Tangu ulivyoniambia sijakanyaga kituoni. Nilinunua pale pale uliponielekeza."

Nilimwambia anitukane. Sijui kwa nini, ndilo lililonitoka. "Nitukane, mama, nitukane utakavyo." Akanipigapiga goti, kama mimi ndiye mwenye mgonjwa.

Julai 11

Nyumbani nina chupa ya mafuta, nimeinunua kwa shemeji kwa ajili ya siku za giza. Asubuhi nilimimina kijiko kimoja juu ya tofali uani, mbali na ukuta, nikarusha njiti. Kwa baridi hii mafuta ya taa yangeuzima moto wa njiti kama maji. Kabla njiti haijagusa tofali, moto ulishasimama hadi kiunoni. Mama mwenye nyumba alitoka mbio na ndoo akidhani naichoma nyumba yake.

Nimewaza kila kinachoweza kumtetea. Ametapeliwa. Hajui. Kijana anayenipa blanketi hawezi kujua.

Julai 12

Nilifika dukani mapema ili nimkute bila foleni. Mdogo wangu alikuwa anawavalisha watoto.

"Shemeji, mafuta haya unayatoa wapi?"

Akacheka. "Dada mkubwa, siku hizi umekuwa mkaguzi?"

"Nijibu."

"Kwa dereva wa lori. Wengi tu wananunua kwake. Ni masalio ya matangi, anayachuja, yanakuwa safi kabisa."

"Masalio ya nini?"

Akaanza kupanga sabuni zilizokwisha kupangwa. Nikafungua bomba la pipa, nikatia kidogo kwenye kopo, nikamwita uani. Nikayamwaga chini na kumpa kiberiti.

"Washa wewe."

Alitoa njiti. Akaishika hivi, akaiangalia ardhi iliyolowa, akaniangalia mimi. Kisha akairudisha njiti ndani, akakitia kiberiti mfukoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Nilikuwa bado namwombea mpaka dakika ile.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ianze," akasema polepole. "Dada, wengi wanapikia na wala hawadhuriki. Ni kuwa mwangalifu tu."

Nilimsimulia habari za binti. Nilimsimulia na za msusi, ingawa za msusi sina hakika. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na sweta la mtoto mkononi, na alipoelewa alianza kulia bila sauti, vile vile alivyokuwa akilia utotoni ili nisimsikie.

"Nakwenda kwa wakaguzi wa mafuta," nikasema.

"Dada, usituvunjie nyumba," mdogo wangu akasema. "Anafungwa, halafu mimi na hawa?"

Shemeji akawaweka watoto mbele yake, akala kiapo kwa vichwa vyao. Hatauza tena hata tone. Dereva atapita katikati ya wiki, atamrudishia pipa lote. Akafunga bomba kwa waya mbele yangu.

Nikakubali. Nilitaka kukubali, huo ndio ukweli wake.

Julai 13

Binti ana homa.

Julai 15

Homa imeshuka kidogo. Fundi anamsimulia habari za mteja mmoja mnene anayedai nguo ndizo zinazopungua.

Julai 17

Leo binti amenitukana! Nilipofika kwenye bega alifungua jicho moja na kusema, kwa sauti ya kukwaruza, "Kitufe kilichopotea wewe." Mama yake akacheka akilia. Daktari akageukia ukutani. Nimerudi nyumbani kwa miguu ili furaha isiishe haraka.

Nimempigia shemeji. Amesema dereva ameshapita, pipa limekwenda. Nikamwambia Mungu ambariki.

Julai 20

Amepokelewa mzee mlinzi wa ghala. Uso, kifua, mikono. Anaongea vizuri.

"Baba, mafuta umeyatoa wapi?"

"Dukani, mwanangu. Kando ya tangi la maji."

"Lini?"

"Jana jioni. Siku hizi hayako mlangoni, kijana ameliingiza pipa ndani, kwenye chumba cha kulala. Unagonga dirisha, anakupimia."

Ndani. Karibu na kitanda cha watoto. Niliendelea kumfunga mkono.

Julai 21

Binti amefariki asubuhi, mama yake akimwimbia kitu kwa kunong'ona. Fundi aliniomba nimwachie yeye kufunga shuka. Alilikunja pindo vizuri, pande zote sawa, akalilaza kwa kiganja.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa wakaguzi, na sare yangu. Nimesema kila kitu: pipa, lori, dirisha, na kwamba mwenye duka ni shemeji yangu. Afisa aliandika, akasema watakwenda kesho asubuhi pamoja na polisi. Nikamwomba waende leo. Akasema gari halipo.

Basi nikawaza usiku mzima ulio mbele, pipa lile na watoto wale chumba kimoja. Nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia awachukue watoto aje kwangu leo hii, asiulize.

Akauliza. Nikamwambia. Ni mdogo wangu, nimemlea, sijawahi kumficha jambo la kumhusu.

"Usimwambie mumeo," nikasema.

"Sawa, Dada."

Amekuja na watoto jioni, na begi moja. Hakuniangalia machoni. Nilidhani ni huzuni.

Julai 22, mchana

Wakaguzi walifika dukani nami nikiwemo. Shemeji hayupo, majirani wanasema ameondoka na lori alfajiri. Pipa lilikuwa uani limelazwa ubavu, tupu, limeoshwa na sabuni.

Nilishukuru. Kwa muda wa pumzi chache nilishukuru kabisa, nikadhani kamwaga. Afisa alikuwa anazunguka akitafuta mahali palipolowa. Mama mmoja wa jirani, aliyekuwa anaanika nguo, akatuuliza kama tumekuja kununua, maana tumechelewa.

"Kununua nini?"

"Mafuta. Jana jioni kauza nusu bei, kasema anafunga duka. Foleni ilifika hadi shuleni. Watu wamejaza ndoo. Hata mimi nimepata."

Nilikaa chini, pale pale kwenye tope. Petroli iliyokuwa kwenye pipa moja sasa imo ndani ya kila nyumba ya bondeni.

Nilimpigia Sista Mkuu na yeye hakuniuliza swali hata moja. Alimtuma dereva wa gari la wagonjwa, lile lenye kipaza sauti. Tumezunguka vichochoro vyote nikipiga kelele hadi sauti ikapasuka: mafuta yaliyouzwa jana yana petroli, msiyawashe, msiyamwage ndani, yatoeni nje. Watoto walitukimbilia wakishangilia. Wengine walitoa chupa zao wakaziweka barabarani. Mwanamke mmoja aliniambia, "Bei ikishuka tu, wakubwa mnaugua!" Mwingine akauliza nani atamrudishia hela yake. Nyumba nyingi zilikuwa na kufuli. Watu wako kazini, watarudi magharibi na baridi yao na njaa yao.

Julai 22, jioni

Mdogo wangu amenifuata wodini. Watoto amewaacha kwa mama mwenye nyumba.

"Nilimwambia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Ni mume wangu, Dada. Nilidhani atayamwaga."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, na yalikuwa makali. Nikamtazama. Nikakumbuka kwamba mimi nilimpa mwanaume yule wiki nzima kwa kuwa alikula kiapo. Nilimpa gauni na kofia, nikamkalisha mezani na bunda la shashi na mkasi, nikamwonyesha kipimo.

Sista Mkuu ameomba vitanda kutoka wodi nyingine, vimepangwa hadi ukumbini. Daktari ananing'iniza dripu ambazo hazina mtu bado.

Umeme umekatika sasa hivi. Jenereta yetu imenguruma, sisi tuna mwanga. Bonde lote limekuwa jeusi. Nimesimama dirishani, daftari liko kwenye ukingo, na naona zinaanza kuwashwa, taa moja kando ya barabara, mbili karibu na shule, nyingine kule juu. Kila inayowaka naitazama mpaka itulie, ndipo napumua, ndipo naitazama inayofuata. Zimekuwa nyingi, sasa siwezi kuzifuata zote.

Nyuma yangu mkasi umenyamaza.

"Dada, hizi hazijatosha?"

Nimemwambia aendelee kukata.